Uzi: Je, wema ni ufundi? Swali aliloniuliza ami yangu chini ya mashua

#1 Mwana wa Kalafati

Assalaamu alaykum wenzangu. Uzi huu ni mrefu, mwenye haraka auache mpaka usiku.

Juzi barazani kwetu baada ya isha palizuka mabishano. Mmoja alishika kwamba mtu mwema huzaliwa mwema, ni hulka yake, na asiyezaliwa nayo usijisumbue. Mwengine akasema la, wema hufundishwa kama kijana anavyofundishwa kushika msumeno. Kahawa ikaisha, watu wakaenda kulala, mimi nikabaki nayo. Naileta hapa kwa sababu msumeno na wema nilifundishwa na mtu mmoja, na siku moja katika maisha yangu alivitenganisha mbele ya macho yangu.

Mtu huyo ni ami yangu, fundi wa mashua Nungwi. Nilipelekwa kwake nina miaka 14, iwe likizo ya skuli tu, ikawa miaka mitatu. Waliofika pale wanajua: mkuku, ule mti mrefu wa chini kabisa wa mashua, umelazwa mchangani juu ya magogo, mataruma, yaani mbavu zake, yamesimama, mbao zinasubiri, na hakuna karatasi yoyote. Hakuna mchoro. Ami hufumba jicho moja, hutazama kwa la pili, husema "hapa toa kidogo", na tezo, ile ya kuchongea mbao, inatoa kidogo. Ukimuuliza kidogo ni kiasi gani, anakutazama kama uliyeuliza maji yana rangi gani.

Mwaka wa kwanza sikushika tezo. Niliokota vibanzi, nikashikilia ubao upande wa pili yeye akipigilia. Mwaka wa pili nikapewa kalafati. Kwa wasioijua: unasokota pamba, unaichovya mafuta ya nazi, unaipanga kwenye mwanya baina ya mbao mbili, halafu unaishindilia kwa chembeu, patasi ya kazi hiyo, na nyundo, tabaka juu ya tabaka, mpaka mwanya ukatae. Ukishindilia kidogo, maji yataingia. Ukishindilia kwa pupa, unaupanua mwanya wenyewe na kuuharibu ubao. Hakuna anayeweza kukwambia piga mara saba. Unapiga, unasikiliza, mlio unabadilika, unajua hapa basi. Mimi ulinichukua miezi mingi mlio ule kuusikia, na kabla ya hapo niliapa kwamba ami anautunga.

Sasa siku yenyewe. Ilikuwa Ramadhani, alasiri imeshaingia, jua halijapoa, na mimi nimebakiwa na mshono mmoja chini kabisa karibu na mkuku, mahali pa kulala chali mchangani. Pa tabaka tatu nikatia moja. Juu nikafunika vizuri, nikasawazisha kwa kidole, nikaufuta. Wallahi ulikuwa mzuri wa macho kuliko mishono yangu mingine yote. Ami akapita na msumari mkononi, akaingiza ncha, ikazama. Akaniuliza:

"Hukujua au hukutaka?"

Nikasema sikujua. Akaupapasa ule mfuniko wangu, akasema, "Mkono usiojua haufuniki hivi."

Hakunipiga wala hakupandisha sauti. Akaniambia niutoe wote nitie upya, akaenda zake kutawadha.

Miaka mingi baadaye nilikutana na kitabu cha maadili cha Aristotle, yule mwanafalsafa Mgiriki aliyefariki mwaka 322 kabla ya Nabii Isa. Anasema mtu huwa mjenzi kwa kujenga, na mpiga kinubi kwa kupiga kinubi, na vivyo hivyo huwa mwadilifu kwa kutenda uadilifu. Anatoa mfano wa jiwe: lirushe juu mara elfu kumi, halitazoea kwenda juu, kwa sababu maumbile yake ni kushuka. Binadamu anazoea. Kwa hiyo wema hatukuzaliwa nao, ila tumezaliwa tunaweza kuupokea, na mazoea ndiyo yanayoutimiza. Nikafurahi, nikaona barazani nimeshinda.

Lakini mbele katika kitabu hicho hicho anasema jambo lililonirudisha mchangani Nungwi. Katika ufundi, anayekosea kwa makusudi ni bora kuliko anayekosea kwa kutojua. Katika wema, mambo yanageuka: anayekosea kwa makusudi ndiye mbaya zaidi. Ndilo swali la ami. Ningekuwa sikujua, ningekuwa fundi mbovu na kijana mzuri. Kwa kuwa nilijua, nilikuwa fundi mzuri na kijana mbaya. Saa ile ile, kwa mshono ule ule.

Na bado siko tayari kuuachia ufundi. Lugha yetu inanizuia. Tunasema kufunda, kufundwa, kufundisha, na fundi. Mwali anafundwa na kungwi wake. Aliyekosa adabu tunasema hakufundwa. Na anayekutengenezea mlango ni fundi. Yaelekea waliotuachia maneno haya waliona ni kazi ya jamaa moja. Basi nyinyi mnaonaje? Wema ni ufundi, au unafanana nao tu kwa mbali?

#2 Kete 64

Mkuu, uzi mzuri, lakini naupinga mapema. Mimi ni mtu wa Pemba, nimekulia kwenye karafuu. Msimu ukifika, jioni nyumba nzima tunakaa juu ya jamvi kuchambua, karafuu huku, makonyo, yaani vikonyo vyake, huku. Vidole vinakwenda vyenyewe, watu wanazungumza. Sasa sikiliza: anayejua kuyatoa makonyo vizuri kuliko wote ndiye anayejua kuyarudisha yasionekane. Anayejua karafuu imekauka kwa kuivunja tu kwa ukucha ndiye anayejua unyevu wa kiasi gani utapita kwenye mizani bila kushtukiwa.

Hili ni la zamani. Socrates, Mgiriki wa kabla ya huyo Aristotle wako, kwa alivyoandika mwanafunzi wake Plato, alimbana mtu hivi hivi: kama uadilifu ni ufundi wa kulinda fedha, basi mwadilifu ni stadi wa kuziiba pia, maana ni maarifa yale yale. Ufundi unakwenda pande mbili. Wema hauendi pande mbili. Tapeli naye kafanya mazoezi, tena anayaamkia alfajiri. Utamwita mwema?

#3 Bint Wete

Mimi muuguzi, niko wodi ya wazazi, hospitali siitaji. Nitasema nililoliona.

Mwezi wangu wa kwanza nilitumwa kumwambia mama kwamba mtoto wake hakuishi. Nilisimama mlangoni nikamwambia. Nilisema kweli, yote, kwa sauti ya adabu, kama tulivyosomeshwa. Yule mama alinitazama, akageukia ukuta. Nikaenda chooni nikalia. Muuguzi mmoja mtu mzima akanifuata pale, akaniambia neno moja tu: "Umesimama."

Mara nyengine ilipotokea akaingia yeye, mimi nikamfuata. Alivuta kiti. Akakaa mpaka macho yake yakawa sawa na ya mama. Akamshika mkono, akangoja. Mimi nilikuwa nataka aseme, amalize, kimya kile kilikuwa kinaniunguza. Yeye alikuwa anautazama uso wa yule mama, na kuna kitu alikuwa anakiona ambacho mimi sikukiona, kwa sababu mama mwenyewe ndiye aliyeanza: "Hayupo, eeh?" Akamjibu, "Hayupo, mwanangu." Maneno mawili.

Kwa hivyo Kete 64, kaka yangu, nakuelewa, lakini usituambie ufundi hauhusiki. Huruma nilikuwa nayo tangu siku ya kwanza, ndiyo iliyoniliza chooni. Ilikuwa haimfikii mama. Kanuni ya "sema kweli" niliijua kama yeye alivyoijua. Yeye alikuwa na jicho, kama lile la ami yake mwenye uzi. Na jicho lile alilipata kwa miaka, kwa kukosea mbele za watu walioumia.

Nitaongeza na jengine, nisiseme upande mmoja tu. Nilikuwa na mwenzangu aliyejifunza yote: kiti, mkono, kungoja. Wazazi wakimsifu. Zamu ya usiku, pasipo mkubwa wa kumwona, alikuwa havuti kiti.

#4 Mzee wa Mkoani

Bint Wete, Mwenyezi Mungu akulipe. Nimesoma mara mbili.

#5 Maalim Darasa la Jioni

Wa alaykumus salaam. Niruhusuni nami.

Imam Abu Hamid al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, katika kitabu chake Ihya anaieleza tabia kuwa ni hali iliyokita katika nafsi, ambayo vitendo hutoka kwake kwa wepesi bila kuhitaji kufikiri. Tazameni hilo neno wepesi. Anayetoa mali yake huku anajivuta bado hajawa karimu. Basi atakuwaje? Imam anatoa mfano wa mwandishi wa khati. Anayetaka khati nzuri hana njia ila kufanya kwa mkono wake kile anachofanya mwandishi stadi: anaiga, anajikalifisha, siku baada ya siku, mpaka sifa ile inaingia ndani yake, na khati inayotoka baada ya hapo ni yake. Ukarimu vivyo hivyo. Unyenyekevu vivyo hivyo. Mwanzo ni kujikalifisha, mwisho ni tabia.

Na kabla ya Imam tunayo hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim, kwamba mtu haachi kusema kweli na kuikusudia kweli mpaka akaandikwa mbele ya Mwenyezi Mungu kuwa ni mkweli. "Haachi." Ndiyo kalafati yako hiyo, ndugu mwenye uzi, tabaka juu ya tabaka.

Ila nataka nikuzuie mahali pamoja. Mashua haiulizi nia ya fundi. Ukishindilia vizuri kwa ajili ya mshahara, kwa ajili ya sifa, au kwa kumwogopa ami yako, chombo kitaelea sawasawa. Kazi ikishatoka mkononi ina uzuri wake peke yake. Kitendo chema sivyo, kwani amali ni kwa nia. Huyo muuguzi wa zamu ya usiku alikuwa na khati nzuri ya kuigiza, haikuingia ndani. Aristotle wako naye kalisema hili, ukirudi utalikuta: kazi ya ufundi inatosha ikiwa nzuri yenyewe, lakini tendo la wema linamtaka mtendaji ajue, alichague kwa ajili yake lenyewe, na litoke katika moyo uliothibiti.

Lakini sitaki msome hapa kwamba nia huja kutoka mbinguni siku moja na mazoezi hayaihusu. Nia nayo hufanyiwa kazi. Nimesomesha watoto miaka mingi. Mtoto anaanza kuswali kwa kumwogopa babake, tukimwambia asiswali mpaka apate ikhlasi, yaani nia safi, hataswali wala hataipata.

#6 Bi Sindano

Wanangu, mie si msomi wa mambo hayo. Nashona kofia za viua. Kofia moja inanikaa wiki na wiki, vitundu ni vingi, na ukikosea kimoja kinakutazama mpaka mwisho.

Nikichoka naiweka sindano. Nikiuguliwa nakaa miezi bila kushona, na hakuna anayenilaumu. Macho yakinishinda nitaacha kabisa, na watu watasema bibi huyu alikuwa fundi, na watasema kweli. Lakini sijapata kusikia mtu akisifiwa kwamba alikuwa mwaminifu sana, sasa kapumzika. Mwezi mmoja tu ukiacha uaminifu, hata ile miaka ya nyuma watu wanaanza kuihesabu upya.

Nilitaka kusema hilo tu.

#7 Mwana wa Kalafati

Bi Sindano, shikamoo. Hilo lako limenikaa kuliko yote, na sina jibu lake zaidi ya kusema ni kweli. Ami yangu tezo kaiweka, mgongo hauruhusu. Bado tunampelekea mambo ya amana, na hakuna kijana aliyewahi kusema tumpumzishe.

Kete 64, jibu langu kwako ni nusu. Mwanafalsafa mmoja wa Uingereza, Julia Annas, aliandika mwaka 2011 kwamba tukisema wema ni kama ufundi tusifikirie kila kitu ambacho mkono umezoea. Kuna mazoea tu, kama mtu anayepita njia ile ile kila siku mpaka hafikiri. Na kuna ufundi wenye mambo mawili ndani yake: haja ya kujifunza, maana huwezi kumwiga tu mwalimu wako bila kuelewa anafanya nini na kwa nini, na hamu ya kupanda, kutaka kufanya vizuri zaidi ya jana. Mchuma karafuu anayerudisha makonyo ana vidole. Hiyo hamu, kaielekeza wapi? Nakubali hapo ndipo ufundi wenyewe hausemi kitu. Vidole havichagui.

Maalim, umenirekebisha na nimerekebika. Nilipoanza uzi nilitaka mtu aniambie ndiyo au la. Sasa nasema hivi. Namna ya kujifunza ni moja: huanza kwa kuiga, kujilazimisha, kukosea mbele ya anayejua, mpaka jicho na sikio vifunguke, kama alivyotusimulia dada wa Wete. Katika hilo wema ni ufundi kabisa, na anayesema ni hulka tu anawanyima watoto wake chembeu. Ila fundi ukimuuliza kwa nini kazi hii mbovu, akijibu "sikutaka kuifanya vizuri", ufundi wake umesalimika. Mtu mwema akijibu hivyo hakuna kilichosalimika. Kwenye kazi ya mkono "sikutaka" ni udhuru. Kwenye wema ndilo kosa lenyewe. Kwa hiyo wema unafundisha kitu ambacho ufundi mwengine wote unakiacha nje ya karakana, nako ni kutaka. Na Maalim anasema hata huko kutaka kunatiwa tabaka kwa tabaka. Nimeona kwa macho yangu kwamba ni kweli, nilitiwa mimi.

#8 Kete 64

Nusu naipokea. Lakini "nilitiwa mimi" vipi? Umesimulia kosa, hukusimulia kutengenezwa.

#9 Bint Wete

Nami nilikuwa na swali hilo hilo kwa njia nyengine. Mwenye mashua je? Alijua?

#10 Mwana wa Kalafati

Dada, umenishika pale pale nilipoparuka. Sikuliandika kwa kuwa bado linanipa haya.

Niliutoa mshono wote, nikautia upya, tabaka tatu, mpaka karibu na adhana ya magharibi. Ami akapita na msumari wake, safari hii haukuzama. Nikadhani yamekwisha. Akasema, "Mwenye mashua utamwambia wewe." Nikamwambia, ami, si nimeshautengeneza, kuna nini tena cha kumwambia? Akanijibu, "Mshono umeutengeneza," akaenda kufuturu.

Usiku ule baada ya tarawehe nikaenda. Nikamkuta barazani kwake na wageni. Nikamuuliza khabari za bahari, nikanywa bakuli la uji, nikarudi. Ami hakuniuliza kitu.

Usiku wa pili niliyapanga maneno njiani, nikayasema peke yangu mpaka yakakaa vizuri. Nilifika mlangoni kwake. Nikasikia anazungumza na mwanawe, nikajiambia ana shughuli. Nikarudi, na ami akanikuta nimelala mapema, akaniacha.

Wa tatu alikuwa peke yake uani anasuka dema la kuvulia samaki. Maneno niliyoyapanga hayakuja hata moja. Nilisema hovyo, moja kabla ya jengine, kwamba nilitia tabaka moja, nikafunika, ami akaona, nimetia upya, mshono uko chini. Yeye aliendelea na fundo alilokuwa analifunga mpaka likamalizika. Halafu akaniuliza, "Upi?"

Tukashuka pwani, yeye mbele na kurunzi, mimi nyuma. Akainama chini ya mashua nikamwonyesha. Akanipa kurunzi nimshikie, akaupapasa mshono ule kwa kidole gumba kutoka mwanzo mpaka mwisho, polepole. Alipofika mwisho nikadhani tutarudi. Akahamia mshono uliofuata, ambao sikuwa nimemwambia neno juu yake, akaupapasa na huo. Kisha wa tatu. Nilimshikia kurunzi mpaka tukaizunguka mashua nzima.